Jibu Lililochelewa

Mwaura alirudi nyumbani asubuhi jua likiwa bado halijashika, saa ambazo karani wa maziwa huwa katikati ya kazi. Hakuwa na lile koti jeupe la ushirika. Alikuwa amebaki na fulana ya ndani iliyotoboka kwapani, na baridi ya Subukia ilikuwa imemsimamisha vinyweleo mikononi. Aliketi kwenye kochi, akaanza kuvua gambuti zake za mpira. Moja ikatoka, ya pili ikakataa, akaiacha hivyo mguuni.

Jepkemei alikuwa mezani na laptopu yake, uji wa mtoto ukipoa kando. Kimberly alikuwa tayari ameenda shule bila kuumaliza, kama kawaida yake.

"Baba Kimberly, umeugua?"

"Wamenichukua ufunguo."

"Nani?"

"Kamati. Mwenyekiti mwenyewe, Mzee Nicodemus, alikuja na wenzake wawili. Foleni ilikuwa imefika barabarani, watu wote wanaangalia." Alikuna goti. "Wanasema nahamisha maziwa ya watu. Ya huyu naandikia yule. Wakaniambia nivue koti kwa sababu ni mali ya ushirika. Halafu wakaniambia nifungue begi."

"Wakapata nini kwa begi?"

"Viazi. Zile ulinipakia."

Jepkemei alifunga laptopu. Alitaka kucheka na alitaka kulia, akafanya kile ambacho alizoea kufanya kazini kitu kinapoharibika: akauliza swali la kwanza kabla ya mengine.

"Ulihamisha?"

Mwaura alimtazama kama mtu aliyepigwa na mtu ambaye hakumtarajia. "Hata wewe?"

"Nauliza ndio nijue pa kuanzia."

"Mashine yako haina shida," Mwaura alisema. "Hiyo jua. Mashine iko sawa kabisa." Kisha akainuka na gambuti yake moja, akaenda nyuma ya nyumba kukata majani ya sungura.

Jepkemei alibaki ameketi. Hakuna mtu aliyekuwa ameuliza habari za mashine.

Boksi la kupimia maziwa lilikuwa limetengenezwa na kampuni ndogo ya Nakuru alikoajiriwa yeye. Mkulima aliweka kadi yake juu ya boksi, boksi likasoma jina lake, mizani ikasema lita, karatasi ndogo ikatoka. Kazi ya Jepkemei ilikuwa sehemu isiyoonekana na mtu yeyote, ile programu wanayoiita draiva, inayosimama kati ya boksi na diski lake, pale majina ya wakulima yanapohifadhiwa. Boksi likitaka jina la mkulima, draiva hupeleka amri kwa diski. Diski hutafuta, hujibu. Draiva hupokea jibu na kulifikisha. Ushirika ulinunua boksi hilo kwa sababu Mwaura alisimama kwenye mkutano wa mwaka akawaambia wakulima kwamba mke wake ndiye aliyeandika akili ya mashine hiyo. Siku hiyo alipigiwa makofi.

Jepkemei alimpigia simu Bethwel, mwenye kampuni.

"Sasa, Kemei," Bethwel alisema. Nyuma yake kulikuwa na honi za Nakuru. "Nimesikia. Pole. Lakini hiyo ni mambo ya mume wako na kamati yake."

"Bosi, nataka kuangalia boksi la hapa. Inawezekana diski inachelewa kujibu."

"Kama inachelewa, ongeza muda wa kusubiri. Si ndio tulifanya wakati ule wakulima walilalamika inaganda? Tukaongeza, ikanyamaza."

"Ilinyamaza. Sijui kama ilipona."

"Kemei, skiza. Wiki ijayo nakaa na watu wa maghala ya mahindi kule Rongai. Wanataka boksi kwa kila mizani. Sasa usiandike popote, hata kwa meseji, kwamba boksi letu linakosea. Umeipima?"

"Nimeipima."

"Imekosea?"

Jepkemei alitazama boksi la majaribio lililokuwa kwenye kona ya meza, taa yake ya kijani imetulia. Alikuwa amelipima mara nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka. "Hapana," akasema.

"Basi," Bethwel akasema, na simu ikakatika.

Jumapili Wangare, mama yake Mwaura, aliwatembelea akitoka kanisani. Alikuwa bado amevaa kitambaa cheupe cha chama cha akina mama. Hakukaa. Aliweka mtungi wa maziwa mezani kwa kishindo, akamtazama Mwaura.

"Jana wamekataa haya. Wanyonyi, yule kijana wamemweka mahali pako, aliniambia amri imetoka juu. Maziwa ya mama yake Mwaura isimame kwanza. Nimerudi nayo nyumbani nimeibeba kichwani kama mwizi wa kuku."

"Pole, mama," Jepkemei alisema.

"Na leo Mama Shantel amehama benchi. Nilikaa, akachukua Biblia yake na mtoto, akaenda kukaa nyuma na vijana. Mama Shantel! Niliyemkanda mgongo akizaa." Wangare alimgeukia Jepkemei. "Wanasema ni mashine ya mke na mkono wa bwana. Wanasema mlipanga nyinyi wawili. Na mengine wamesema, siwezi kuyarudia hapa."

Jepkemei aliyajua hayo mengine bila kurudiwa. Yeye alikuwa ametoka upande wa pili wa bonde, kwa watu wengine, na kila jambo baya lilipotokea katika nyumba ile, kulikuwa na mtu wa kukumbuka alikotoka.

"Mama, inawezekana shida ni draiva," alisema.

"Draiva?" Wangare alishtuka. "Yule kijana wa lori la maziwa? Nilijua! Yule hanitazamangi machoni."

"Si huyo, mama. Ni kitu kiko ndani ya boksi."

"Ndani ya boksi kuna mtu?"

Siku nyingine wangecheka. Mwaura aliinuka pale alipokuwa ameegemea dirisha, akasema kwa sauti ya chini, "Nitalipa."

Wote wawili wakamtazama.

"Mzee Nicodemus amenitumia ujumbe. Nikikubali kulipa kile wakulima walipoteza na niweke sahihi kwamba nilikosa, hawataenda polisi. Mkutano ni Alhamisi. Mama, nilikuwa nataka kukuomba ile mtamba."

Mtamba yule alikuwa na mimba. Wangare alikuwa amemlea kwa chupa tangu mama yake afe, na alikuwa ndiye ng'ombe pekee aliyempa jina. Alivuta kiti, akakaa kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Kama ni ya kukuokoa, chukua," alisema.

"Unalipa kitu hukuiba?" Jepkemei aliuliza.

"Nalipa iishe."

"Haitaisha. Ukiweka sahihi wewe ni mwizi mpaka Kimberly aolewe. Mwaura, niambie kitu hujaniambia."

"Hakuna," Mwaura alisema, na akatoka nje.

Siku iliyofuata Jepkemei aliamka mapema, akajifunika leso mabegani, akaenda mwenyewe kwenye kituo cha kupokelea maziwa. Hakuenda na laptopu. Alisimama kando ya ukuta wa mabati, karibu na pale wanaposuuza mikebe, akatazama.

Foleni ilimwona. Wengine walimsalimia kwa kichwa tu. Mwanamume mmoja alisema kwa sauti ya kusikika, "Fundi amekuja kuangalia mavuno yake," na watu wakacheka kidogo, wakaacha.

Kituo kilikuwa na umeme wa sola, na betri yake ilikuwa imechoka. Wakati huo, kabla jua halijapanda juu ya ukingo wa bonde, balbu ya ndani ilikuwa inawaka rangi ya chai ya maziwa. Wanyonyi alipokea kadi, akaiweka juu ya boksi, karatasi ikatoka. Kadi nyingine, karatasi nyingine. Ndipo akafika Mama Shantel. Aliweka kadi yake na boksi likakaa kimya. Taa ya kijani ikaganda. Wanyonyi aliligonga ubavuni kwa kiganja, kama mtu anavyogonga redio ya zamani. Boksi likatoa mlio, likaandika kwamba kadi haisomeki.

"Mathe, kaa kando kidogo, utarudia," Wanyonyi alisema. "Mwingine!"

Mzee mmoja mwenye mkebe mdogo aliweka kadi yake. Papo hapo karatasi ikatoka. Wanyonyi aliichana bila kuitazama, akampa. Mzee aliisogeza mbali na macho, akaikaribisha, akasema, "Hii si jina yangu."

Jepkemei alikuwa ameshafika. "Naomba nione, mzee." Lita zilikuwa za mzee. Jina lilikuwa la Mama Shantel.

Aliisoma tena ile karatasi. Haikumpa furaha, ingawa alipaswa kufurahi.

"Wanyonyi, imefanya hivi mara ngapi?"

"Aah, hiyo?" Wanyonyi alisema. Alikuwa kijana mwema asiyejua kuficha neno. "Huwa inafanya hivyo baridi ikiwa mingi. Nikifundishwa kazi hapa, Mwaura alinionyesha. Aliniambia nisibishane na mkulima, niweke akilini tu, jioni tunarekebisha kwa mkono. Lakini mimi sijui kurekebisha, sijapewa namba ya siri. Ni yeye alikuwa nayo."

"Alijua?"

"Si ni yeye alinionyesha, madam. Kamati haikuniuliza."

Jepkemei alimkuta Mwaura kwenye kipande chao cha shamba nyuma ya soko, akipalilia sukuma wiki ambayo haikuhitaji kupaliliwa. Alisimama kwenye mstari unaofuata, viatu vikizama kwenye udongo.

"Ulijua," alisema.

Mwaura hakuuliza amejua nini. Aliegemea jembe.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zile za kwanza. Ilianza kidogo kidogo."

"Na hukuniambia."

"Ningekwambia nini? Nilisimama mbele ya watu wote nikasema mke wangu ameandika hii kitu. Ulikuwa umekaa pale nyuma na ile nguo ya bluu. Unakumbuka walivyopiga makofi? Na Bethwel alikuwa amekuambia mkataba wako utaangaliwa tena mwisho wa mwaka." Alipangusa jasho kwa kiwiko. "Nikaona ni kitu kidogo. Nawajua wakulima wote. Najua nani analeta nini. Jioni nikibaki peke yangu, narudisha kila mtu mahali pake."

"Kwa kichwa."

"Kwa kichwa."

"Na kamati ikaona mkono wako kila jioni ukibadilisha majina."

"Ndio hiyo wameona."

Jepkemei alikaa chini kwenye ukingo wa shamba. Hasira ilimpanda mpaka masikioni, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine kilichomwaibisha zaidi: kwa siku hizo zote alikuwa amemshuku mume wake, akimtazama akila, akijiuliza kama mtu anayeiba hula vile.

"Ungeniambia siku ile ya kwanza ningeitengeneza," alisema. "Ndiyo kazi yangu, Mwaura! Mimi silipwi kwa sababu sikosei. Nalipwa nitengeneze ikikosea. Wewe umenisitiri kama mtu mwenye ugonjwa wa aibu."

"Nilitaka usidharauliwe."

"Sasa nimedharauliwa, na mama amedharauliwa, na mtamba anataka kuuzwa."

Mwaura aling'oa jembe udongoni. "Itatengenezeka?" aliuliza.

"Inuka," Jepkemei alisema. "Leta ile betri mbovu ya kaka yako. Ya pikipiki."

Walifanya kazi hiyo mchana, mlango ukiwa wazi. Jepkemei alilichomoa boksi la majaribio kwenye umeme wa ukutani usiopungua nguvu, ambao ndio ulikuwa umemdanganya miezi yote ile, akaliunganisha na betri iliyochoka. Diski likaanza kujikokota. Mwaura aliigiza mkulima. Alikuwa na kadi za majaribio mkononi, akawa anaziweka moja moja, na kwa mara ya kwanza boksi la mezani likakosea mbele ya macho ya Jepkemei. Aliweka kadi ya kwanza, kimya. Akaweka ya pili, likatoka jina la kwanza.

"Hiyo hiyo!" Mwaura akasema.

Sasa Jepkemei aliiona hitilafu. Kila amri iliyoenda kwa diski ilibeba namba. Diski lisipojibu kwa muda uliowekwa, draiva ilihesabu kwamba amri imekufa, na namba yake ikapewa amri nyingine. Lakini diski halikuwa limekufa. Lilikuwa limechelewa tu. Lilipomaliza kutafuta, lilileta jibu la yule wa kwanza, na draiva, ikiona namba tu, ilimpa yule wa pili. Kuongeza muda wa kusubiri, kama alivyofanya kwa amri ya Bethwel, kulipunguza makosa bila kuyaondoa, na foleni ikazidi kuwa ndefu.

Tiba ya kwanza aliyoandika ilishindwa. Alifanya draiva itume amri ya kufuta kabla ya kuitumia namba tena, lakini diski likachelewa kujibu hata hiyo amri ya kufuta, na boksi zima likaganda, taa haiwaki wala haizimi.

"Sasa imekufa kabisa," Mwaura alisema.

"Nyamaza kidogo."

Mwaura aliinuka akapika ugali, wakala na sukuma ile iliyopaliliwa bure, Jepkemei akila kwa mkono mmoja na kuandika kwa mwingine. Aliandika upya: muda ukipita, futa amri, kufuta kusipojibiwa, zima diski liwake upya, ngoja mpaka diski lenyewe liseme liko tayari, ndipo namba zirudi mikononi, na ndipo mkulima yule yule aulizwe tena. Jibu lolote litakalokuja bila mwenyewe litupwe. Na wakati wote huo kioo kimwambie karani neno moja: SUBIRI.

Kimberly alirudi kutoka shuleni akamkuta baba yake akiweka kadi juu ya boksi kama mtu anayecheza karata peke yake. Diski likachelewa. SUBIRI, kioo kikasema. Wakasubiri wote watatu. Kisha jina likatoka, na lilikuwa la mwenyewe. Akaweka nyingine, na nyingine, mpaka betri ikaisha nguvu kabisa na boksi likazima, na hakuna jina hata moja lililokuwa limekosea njia.

Jepkemei hakushangilia. Alimpigia Bethwel.

Bethwel alisikiliza mpaka mwisho, halafu akaanza kwa ukali. Alisema alikuwa amemkataza. Alisema kampuni haikuajiri watu waende kuisaliti kwa wakulima wa Subukia.

"Bosi," Jepkemei alisema, "boksi unazopeleka Rongai zina diski hii hii. Mahindi ya mtu yakiandikiwa mwingine, hawataita karani mwizi. Watakuita wewe."

Bethwel alifunga dirisha, honi zikapungua.

"Imepona kweli, ama imenyamaza?" Bethwel aliuliza.

"Imepona. Njoo uione."

"Siwezi kuja. Waambie." Akavuta pumzi. "Lakini ukiwaambia, sema ni diski. Usiseme ni kampuni."

Alhamisi mkutano ulifanyika kituoni kwenyewe, maziwa yakiwa yameshachukuliwa na lori. Wakulima walikaa juu ya mikebe iliyogeuzwa na kwenye mabenchi ya kanisa yaliyoazimwa. Mzee Nicodemus, mwenyekiti, alikuwa na koti la suti juu ya sweta. Mwaura alisimama upande mmoja, Wangare kando yake ameshika mkoba kwa mikono miwili.

Jepkemei alizungumza akiwa amesimama. Alianza kwa maneno ya kazi yake, akaona nyuso zinakunjamana, akaacha.

"Mmeenda dispensari," alisema. "Unapewa namba. Unapelekwa kupimwa damu. Majibu yanachelewa, karani anaita namba yako, hujibu, umetoka kununua ndizi. Karani anasema, huyu ameenda, anachukua namba yako anampa mama mwingine. Halafu majibu yako yanatoka. Yanapewa nani?"

"Huyo mama!" watu wakasema.

"Anaambiwa ana malaria na ni wewe unayo," mtu wa nyuma akaongeza, na kicheko kikapita.

"Ndivyo boksi lilivyokuwa linafanya. Diski linachelewa, boksi linampa mwingine namba. Niliyeandika hivyo ni mimi. Kampuni yetu iliambiwa linaganda, tukaongeza muda wa kusubiri tukafikiri tumemaliza. Hatukuwa tumemaliza."

Aliwaonyesha. Boksi la kituo, likiwa na programu ya zamani na betri pekee bila sola, likakosea mbele yao, na kwa bahati jina lililotoka kimakosa lilikuwa la mwenyekiti, na watu wakapiga kelele. Kisha akaweka programu mpya. SUBIRI. Waliokuwa nyuma walisimama juu ya mabenchi. Likatoka jina sahihi.

Mzee Nicodemus alivua miwani. "Kwa hivyo Mwaura hakuiba."

"Hakuiba," Jepkemei alisema. Hapo angeweza kukaa. Alimwona Wangare ameshafumba macho anashukuru. Lakini Mama Shantel alikuwa amesimama katikati ya watu, mtoto mgongoni, na uso wake haukuwa umelegea.

"Na maziwa yangu?" Mama Shantel aliuliza. "Kama alikuwa anarudisha jioni, mbona mwezi uliopita yangu ilipungua?"

Jepkemei alimtazama Mwaura. Mwaura alitazama chini, kisha akainua kichwa.

"Nilikuwa narudisha kwa kichwa," alisema. "Siku zingine kichwa kilichoka. Nilikosea, mama. Nilikuandikia kidogo, na nikijua sina hakika, sikuuliza." Aliwageukia wakulima. "Nilijua mashine inakosea na nilificha. Sikuiba. Lakini nilificha. Naomba msamaha kwenu nyote."

Ndipo yule mzee wa mkebe mdogo, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayejadili mvua: "Ng'ombe ya mtu akiugua hapa, tunaambiana. Tungeambiwa mashine ni mgonjwa, tungeiuguza pamoja. Nani hapa hajawahi kukaa na ng'ombe mgonjwa?"

Kamati ilienda kando ya ukuta kujadiliana na ikarudi. Hapangekuwa na polisi, wala sahihi, wala mtamba kuuzwa. Kampuni ya Nakuru ingeandikiwa ifidie waliopunjwa, na Jepkemei alijua Bethwel angelipa huku akilalamika. Maziwa ya Wangare yangepokelewa kuanzia kesho. Lakini Mwaura hangeshika ufunguo kwa sasa. Wanyonyi angebaki kwenye boksi, na Mwaura angeosha mikebe na kupakia lori mpaka mkutano wa mwaka, ndipo wanachama waamue.

"Umekubali?" Mzee Nicodemus alimuuliza.

"Nimekubali," Mwaura alisema, ingawa shingo yake ilikuwa imekaza.

Watu walipotawanyika, Mama Shantel alimkaribia Wangare. Hakuomba msamaha. Alimgeuzia mgongo ili mtoto amwone, akasema, "Anataka kukusalimia," na Wangare akamshika mtoto kidole.

Walirudi nyumbani kwa miguu, Jepkemei na Mwaura, wakipita mashamba ya kahawa na watu waliowasalimia na wengine ambao hawakuwasalimia. Jepkemei alichemsha chai. Mwaura alikaa kwenye kochi, akavua viatu vyote viwili.

"Ulinianika mbele ya watu," alisema, bila ukali. "Ulinitazama."

"Nilikutazama tu. Wewe ndio ulisema."

"Ungejibu wewe, ningekuchukia."

"Najua."

Jepkemei alimpa kikombe, akageuka kuchukua chake, akarudi kukaa kando yake. Nje mtu alikuwa anapasua kuni. Alitaka kumwambia kwamba alimshuku, na akamwambia, kwa maneno machache. Mwaura akasema alijua, alimwona akimtazama akila.

"Mwaura," Jepkemei alisema. "Kuna kitu kingine changu ambacho wewe hurekebisha bila kuniambia?"

Alitarajia akane haraka. Mwaura akafikiri kwa muda ambao ulizidi kidogo.

"Chai," alisema. "Ukigeuka huwa naongeza majani kwa kikombe changu."

Jepkemei alitazama kikombe chake, kisha kile cha mume wake, ambacho kweli kilikuwa cheusi zaidi.

"Kwa miaka yote hii?"

"Ni kitu kidogo."

Aliweka kikombe chini, akainuka, akachukua kopo la majani ya chai kwenye rafu kando ya kochi, akamwekea mapajani.

"Pika wewe," alisema. "Nitakaa hapa nikuangalie."